Nukta 12 za mashine ya mama

Haya jamani, nimerudi. Najua nimeadimika karibu wiki tatu, na wale wawili watatu walioniuliza kama nimedisko, jibu ni hapana, bado nipo nipo. Tulikuwa na testi nne mfululizo, halafu bumu likaingia na kutoka kama daladala ya asubuhi, halisimami hata kituo kimoja. Sasa kumetulia kidogo. Nimekaa na chai yangu ya rangi, nataka kuwaandikia jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani mwezi mzima.

Wasomaji wa siku nyingi mnakumbuka kwamba mama yangu ana kisukari, aina ya 2, huu ni mwaka wa sita. Yuko Morogoro, ni fundi cherehani. Anatumia vidonge vya aina mbili, metformin na glibenclamide. Hiyo ya pili ikumbukeni, nitairudia, maana ndiyo inayoweza kushusha sukari hadi mtu akaona nyota mchana. Mwaka jana mimi na kaka tulichanga tukamnunulia mashine ya kupimia sukari nyumbani, ile ndogo ya kutoboa kidole, unaweka tone la damu kwenye stripu, unasubiri sekunde chache, namba inatokea. Mama akaipenda kuliko simu yake. Kila asubuhi kabla ya chai anapima na kuandika kwenye daftari lile lile anakoandika vipimo vya wateja wake: kifua, kiuno, mikono, halafu chini yake, "sukari 7.4".

Mwezi uliopita akanipigia simu amekasirika. Alikuwa kliniki, sista akampima kwa mashine ya pale, ikasoma 9.8. Mama naye hakukubali yaishe, akatoa yake mkobani, akapima dakika ileile, ikasoma 11.2. "Mwanangu, hivi vitu viwili vyote vinajiita mashine. Mmoja wao ni mwongo, na mi sina muda wa kuishi na mwongo." Alipofika nyumbani akaitia kabatini, chini ya vitenge. Hajapima tena wiki nzima.

Sasa mi nasoma takwimu. Mtu akiniambia namba mbili hazifanani, sikimbilii kusema mmoja ni mwongo, nauliza kwanza zinaruhusiwa kutofautiana kwa kiasi gani. Nikaenda kutafuta, na nilichokikuta kilinikalisha chini.

Kuna kiwango cha kimataifa kinachohusu mashine hizi, kinaitwa ISO 15197. Toleo la mwaka 2003 lilikuwa legevu kidogo, likakazwa mwaka 2013. Hilo la 2013 linasema hivi: ukilinganisha mashine na kipimo cha maabara kinachoaminika, angalau majibu 95 katika kila 100 lazima yawe ndani ya mipaka. Mipaka yenyewe ni hii. Kama sukari halisi iko chini ya 5.55, mashine isikosee zaidi ya 0.83 juu au chini. Kama ni 5.55 na kuendelea, isikosee zaidi ya asilimia 15. (Natumia milimoli kwa lita, zile namba tulizozoea hospitali zetu. Ukikutana na namba za Marekani za mia na kitu, gawa kwa 18.)

Hebu fanyeni hesabu na mimi. Sukari halisi ikiwa 10, mashine nzuri kabisa, iliyofaulu mtihani, inaruhusiwa kusoma popote kati ya 8.5 na 11.5. Ikiwa 20, inaruhusiwa kusoma 17 au 23. Na hiyo ni kwa yale majibu 95. Yale matano yaliyobaki yanaweza kuwa nje ya hapo.

Rudini sasa kwenye ugomvi wa kliniki. Ya sista 9.8, ya mama 11.2. Kama sukari ya mama siku ile ilikuwa, tuseme, 10.5, basi mipaka inaanzia 8.9 hadi 12.1. Zote mbili zimo ndani! Hakuna mwongo. Nikampigia mama kumwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo wote ni waongo kidogo kidogo, na serikali imewaruhusu." Sikuwa na jibu la haraka.

Ila jibu hilo ndilo lililonifanya nitake kuiona mashine ya mama kwa macho, siyo kwa maneno ya kampuni. Na bahati nzuri vifaa nilikuwa navyo. Tangu mwanzo sista wa kliniki alimwambia mama kwamba kila akija kutolewa damu ya maabara, aje na mashine yake apime palepale, aandike namba zote mbili. Mama ni mtu wa kufuata maelekezo, kwa hiyo daftari lina jozi 12, mwezi kwa mwezi, mwaka mzima. Mdogo wangu akapiga picha kurasa akanitumia. Hizi hapa, maabara kwanza, mashine pili:

6.1 na 6.5
8.4 na 9.1
10.2 na 11.0
7.3 na 7.2
12.8 na 14.1
5.2 na 5.6
9.0 na 9.6
14.6 na 16.2
4.1 na 4.6
7.9 na 8.6
11.5 na 15.4
6.7 na 7.0

Ukizitazama hivyo ni namba tu, kama bei za sokoni. Kazi ya mchoro ni kuzifanya ziseme.

Mchoro wa kwanza ambao kila mtu angechora ni huu: maabara kwenye mhimili wa chini, mashine kwenye mhimili wa kusimama, kila jozi inakuwa nukta moja. Halafu unapiga mstari wa ulalo kutoka kona ya chini kushoto kwenda juu kulia. Nukta ikikaa juu ya mstari huo, mashine na maabara zimekubaliana kabisa. Nilipochora, nukta za mama zikajipanga vizuri kuufuata mstari, isipokuwa moja iliyoruka juu peke yake. Ukimwonyesha mtu asiyejua, atasema safi sana, mashine nzuri.

Hapo ndipo penye mtego. Watu wengi (na matangazo mengi) wanachukua mchoro huo wanakokotoa ile namba ya uhusiano, ile r ya mwaka wa kwanza, wakipata 0.97 au 0.98 wanashangilia. Jamani, r haipimi kukubaliana. Mashine inayosoma mara mbili ya ukweli siku zote, yaani 5 inasema 10, na 8 inasema 16, itapata r ya 1 kamili. Imefaulu mtihani wa r na imempeleka mgonjwa kaburini. Uhusiano unakwambia tu kwamba kimoja kikipanda na kingine kinapanda.

Waingereza wawili wa takwimu, Martin Bland na Douglas Altman, waliandika juu ya jambo hili katika jarida la The Lancet mwaka 1986, na makala yao imetajwa na watafiti wengine mara nyingi kupita kiasi. Dawa yao ni rahisi hadi unajiuliza kwa nini hukuifikiria wewe. Acha kuchora kipimo dhidi ya kipimo. Chora TOFAUTI. Kwenye mhimili wa chini weka wastani wa vipimo viwili, kwenye mhimili wa kusimama weka mashine kutoa maabara. Sifuri iko katikati. Juu ya sifuri mashine imezidisha, chini yake imepunguza. Halafu unachora mstari wa wastani wa tofauti zote, na mistari miwili, juu na chini, ambamo tunategemea karibu asilimia 95 ya tofauti ziangukie.

Nikachora. Na hapo mashine ya mama ikavua nguo. Nukta 11 kati ya 12 ziko juu ya sifuri! Moja tu, ile ya 7.3 na 7.2, iko chini, na yenyewe kwa kiduchu. Kwa macho kwenye mchoro wa kwanza ulikuwa huioni hiyo, maana ulalo unameza kila kitu. Wastani wa tofauti zote ni kama 0.93. Ukiiweka pembeni ile nukta iliyoruka (11.5 na 15.4), zilizobaki 11 zina wastani wa 0.65. Na kitu kingine kinaonekana: tofauti zinakua kadri sukari inavyopanda. Chini kule ni 0.4 na 0.5, juu kule ni 1.3 na 1.6. Ndiyo maana ISO wenyewe wameweka mipaka ya namba kavu huku chini na ya asilimia huku juu. Ukiichora mipaka yao juu ya mchoro huu inatoka kama tarumbeta: bomba lililonyooka hadi 5.55, halafu mdomo unafunguka. Nukta 11 za mama ziko ndani ya tarumbeta. Moja iko nje, inapepea peke yake juu, imezidisha kwa asilimia 34 hivi.

Nikaenda ofisini kwa mwalimu wetu wa takwimu za afya kumwonyesha. "Shikamoo Dokta." "Marahaba, umeniletea nini?" Akaangalia karatasi muda mrefu, akafurahi, halafu akanipa mambo mawili. La kwanza, nukta 12 ni mazungumzo, siyo hukumu. ISO wanataka damu za watu wasiopungua 100, na stripu za toleo zaidi ya moja. La pili ndilo lililonishangaza. "Umeishtaki mashine," akasema, "lakini shahidi wako ni nani? Umemuuliza shahidi alikuwa wapi?"

Shahidi ni maabara. Na kumbe damu ikishatolewa na kuwekwa kwenye bomba, chembe za damu zinaendelea kula sukari iliyomo humo humo. Katika joto la kawaida la chumba sukari hupungua kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, kama damu haijatenganishwa mapema. Sasa fikiria foleni ya maabara, bomba limekaa saa nzima kwenye treya likisubiri zamu yake. Maabara itasoma chini kidogo ya ukweli, na mashine ya mama itaonekana imezidisha kumbe imesema kweli. Tena kuna damu ya kidole na damu ya mshipa: ukiwa hujala zinakaribiana, ila baada ya kula ya kidole huwa juu. Kwa hiyo ile 0.65 siwezi kuibandika yote kwa mashine. Sehemu yake inaweza kuwa ni ya bomba, sehemu ya kidole. Mchoro unaonyesha pengo, hauonyeshi nani amelichimba.

Nikidhani nimemaliza, Dokta akaniuliza swali lingine. "Haya, na kosa lipi linaua?"

Hapo ndipo nilipokutana na mchoro ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1987 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, William Clarke, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Diabetes Care mchoro unaoitwa gridi ya makosa ya Clarke. Ni ule ule mchoro wa kwanza, maabara chini, mashine kando, lakini wameukata vipande vitano kwa herufi. Na hawakukata kwa kuuliza "umekosea kiasi gani?" Waliuliza "mgonjwa akiiamini namba hii, atafanya nini?"

Kanda A: umekosea chini ya asilimia 20, au namba zote mbili ziko chini kule kwenye sukari ya kushuka. Utafanya jambo sahihi. Kanda B: umekosea zaidi ya hapo, lakini utakachofanya hakitakudhuru. Kanda C: utajitibu bila sababu, unajishusha au kujipandisha wakati ulikuwa salama. Kanda D: hii ni mbaya ya kimyakimya, una hatari mwilini lakini mashine inakwambia uko sawa, hufanyi kitu. Kanda E: kinyume kabisa. Sukari imeshuka, mashine inasema imepanda, unajiongezea dawa ya kushusha. Au imepanda mno, mashine inasema imeshuka, unakunywa soda.

Mnaona uzuri wake? Kosa la 2 si kosa la 2 kila mahali. Mashine ikisema 18 na ukweli ni 16, hakuna kilichoharibika, bado iko juu, bado utamwona daktari. Mashine ikisema 5.2 na ukweli ni 3.2, mtu anaweza kuzimia jikoni akiwa na kisu mkononi. Kwa fundi wa hesabu ni 2 na 2. Kwa mgonjwa si ndugu hata wa mbali.

Gridi hiyo ina kasoro zake, na wenyewe walisemwa. Kwenye mipaka fulani ukisogea kidogo tu unaruka kutoka B hadi D bila kupita C, kama ngazi iliyokosa kidato. Mwaka 2000 ikaja ya Parkes na wenzake, iliyotengenezwa kwa kuwauliza madaktari 100 maoni yao, na kanda zake zinafuatana bila kuruka. Hiyo ndiyo ISO ya 2013 iliyoichukua: asilimia 99 ya majibu lazima yawe kanda A na B. Mwaka 2014 ikatoka nyingine tena, wakauliza wataalamu zaidi ya 200, na badala ya herufi wakapaka rangi, kijani inayofifia kwenda njano, rangi ya chungwa, hadi nyekundu. Hatari haina ukuta, inakolea taratibu.

Nikaziweka nukta za mama kwenye gridi ya Clarke. Kumi na moja kanda A. Ile iliyoruka, kanda B. Hakuna C, hakuna D, hakuna E. Ningeweza kufunga daftari hapo nikampigia mama nimwambie toa mashine kabatini, ni nzima. Lakini nilikuwa nimekumbuka kitu, na hiki ndicho kilichoninyima usingizi.

Mwezi wa pili mwaka huu mama alikuwa anashona sare za shule, kazi ya haraka, akasogeza chakula cha mchana hadi saa tisa. Vidonge alikuwa ameshameza asubuhi. Akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, sindano haingii kwenye tundu. Akapima. Mashine ikasema 4.4. Daktari wake alimwambia chini ya 3.9 ndiyo hatari, anywe kitu chenye sukari mara moja. Sasa 4.4 si chini ya 3.9. Kwa hiyo mama yangu, kwa utii wake, akaendelea kushona! Jirani mwenye genge ndiye aliyemkuta amelala kwenye meza ya cherehani, anaongea maneno yasiyoeleweka, akamnywesha chai ya sukari nyingi kikombe baada ya kikombe. Akazinduka. Sisi tuliambiwa wiki mbili baadaye, tena kwa utani, eti mama alisinzia kazini.

Sasa angalieni ile tarumbeta. Chini ya 5.55 mashine inaruhusiwa kukosea 0.83. Yaani ikisema 4.4, ukweli unaweza kuwa 3.6, na mashine haijavunja sheria yoyote. Na mashine hii, kwa daftari lake yenyewe, ina tabia ya kwenda juu. Upande huo ndio unaoficha kushuka. Mashine inayopunguza inakutisha bure, unakunywa chai ya sukari usiyoihitaji, kesho unasoma juu, basi. Mashine inayozidisha inakubembeleza wakati unazama. Kwa mtu anayetumia metformin peke yake hilo si jambo kubwa, yenyewe mara chache sana inashusha hivyo. Kwa anayetumia glibenclamide au insulini, ni jambo kubwa.

Kwa hiyo mwezi wa pili mama aliiamini namba kupita mwili wake, na mwezi uliopita akaitupa namba moja kwa moja. Nikiangalia michoro naona ni shida ileile. Kioo cha mashine kinaonyesha namba moja nyembamba, 4.4, yenye nukta ya desimali na kila kitu, inaonekana imetoka mbinguni. Ingekuwa haki ionyeshe "kati ya 3.6 na 5.2". Mama angeona 3.6 imo humo, angekunywa chai.

Na ile nukta iliyoruka, 11.5 na 15.4? Nilimuuliza. Alikumbuka siku ile vizuri, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na alikula machungwa mawili benchini. Alinawa? "Ningenawa wapi, bomba lilikuwa kavu." Basi ndiyo hiyo. Maji ya tunda yakibaki kwenye ncha ya kidole, sukari ya chungwa inachanganyika na tone la damu, na mashine haijui ipi ni ya mama na ipi ni ya Muheza. Kufuta haraka haraka haitoshi, kunawa kwa maji na sabuni na kukausha ndiko kunakotakiwa. Siwezi kuthibitisha kwa nukta moja, lakini hiyo ndiyo sababu ya kwanza ningeitafuta.

Nikaendelea kumhoji kama polisi. Stripu anaweka wapi? Dirishani, karibu na pasi ya mkaa. Joto na unyevu ni maadui wa stripu, maana ndani yake kuna kimeng'enya, kitu chenye uhai wa namna yake, kinachoharibika. Zinatakiwa zikae kwenye kopo lao, kifuniko kimefungwa, mahali pakavu pasipo joto. Kuna duka moja la dawa liliwahi kumuuzia stripu za kuhesabu, kumi kumi, zimefungwa kwenye karatasi ya kaki, hazina kopo wala tarehe. Rahisi kweli kwa bei, lakini hujui unanunua nini. Halafu kuna suala la damu yenyewe: mtu mwenye upungufu wa damu, mashine nyingi humsomea sukari juu kuliko ilivyo, na mwenye damu nzito humsomea chini. Kwetu huku, na malaria zetu na wajawazito wetu wasio na damu ya kutosha, hilo si jambo la kupuuza. Mama hajapimwa wingi wa damu siku nyingi. Nimemwambia aulize kliniki.

Wikiendi iliyopita nikaenda Moro. Sikubeba laptopu. Nilinunua karatasi ya manila na kalamu za rangi, nikamchorea mama sakafuni, sebuleni. Chini kijani kwa kanda A, njano kwa B, pembeni kule nyekundu. Nikaweka nukta zake 12 moja moja, na kila nukta nikamwambia tarehe yake. Mdogo wangu anacheka, mama amevaa miwani yake ya kushonea.

Alipoona mashine imelemea upande mmoja akasema, "Aa, kumbe ni kama futi iliyovutika. Fundi hatupi futi. Ukishajua imevutika kiasi gani unarekebisha kichwani." Nikamwambia mama, ni karibu na hapo lakini siyo hapo. Futi iliyovutika inadanganya kiasi kilekile kila siku. Hii mara inazidisha 0.3, mara 1.6, na siku moja ilipunguza. Huwezi kutoa 0.65 kila asubuhi ukadhani umepata ukweli. Akafikiri. "Basi ni kama mteja anayevuta pumzi wakati unampima kiuno." Jamani! Miaka mitatu ya takwimu na sijawahi kupata mfano mzuri hivyo.

Tukakubaliana mambo, na keshokutwa yake akaenda nayo kwa daktari wake ayathibitishe, maana mi si daktari, ni mtu wa nukta tu. Daktari akayapitisha na kuongeza lake. Kwanza, mwili ukitetemeka na jasho likatoka, chai ya sukari kwanza, kupima baadaye, hata mashine ikisema 5. Pili, kunawa kabla ya kutoboa, na kama namba inashangaza, kunawa tena na kurudia. Tatu, asibishane na tofauti ya moja au moja na nusu akiwa kwenye 10, aangalie mwelekeo wa wiki, unapanda au unashuka. Nne, aendelee kuandika jozi kila kliniki. La daktari mwenyewe ni kwamba ameanza kuifikiria upya ile glibenclamide, baada ya kusikia kwa mara ya kwanza habari za siku ya sare za shule. Hilo peke yake lilinilipa nauli.

Ile manila mama ameibandika ukutani karibu na kioo cha wateja. Jana kanitumia meseji: "Nimepima 6.9 nimeandika. Mteja kaniuliza hiyo picha ni nini nimemwambia ni mimi."

Sasa ninyi wasomaji wangu, najua wengi wenu mna mama, baba, shangazi au bibi mwenye mashine kama hii. Wengine mnayo wenyewe hapa hapa hosteli, mnaificha kwenye begi. Ombeni lile daftari. Kama hakuna jozi za maabara, anzeni kuziandika kliniki ijayo, inachukua tone moja la ziada. Halafu chora tofauti, siyo uhusiano, na kila nukta iulize: kama angeiamini hii, angefanya nini? Mkikwama kwenye kuchora niandikieni, nitawasaidia bure, ila siyo Jumatatu. Jumatatu nina testi ya mbinu za sampuli na desa sijaligusa.

Alamsiki.